Tabibu wa Meno na Kuridhika na Kazi

Mwezi uliopita alitujia mzee mmoja wa mji huu, mtu tunayemheshimu, akatutaka tumwite mwanawe tumnasihi. Mwana huyo ni tabibu wa meno. Alisoma miaka 5 katika chuo kikuu, akafanya mwaka mmoja wa mazoezi hospitalini, na baba yake aliuza sehemu ya shamba lake la minazi ili ada ilipwe. Sasa yumo katika mwaka wa nne wa kazi katika zahanati ya umma, naye ataka kuiacha kazi hiyo aingie katika biashara ya simu pamoja na binamu yake. "Mwambieni awe na kinaa," mzee alitwambia. "Mshahara apata, na watu wamwita daktari. Ataka nini tena?"

Tulimwita kijana baada ya sala ya isha. Alikuja, akaketi, akatusikiliza kwa adabu mpaka tukamaliza. Kisha akasema maneno yaliyotunyamazisha sisi tuliokwenda kumnyamazisha yeye. "Ami zangu," alisema, "mimi silii mshahara. Mimi nalisomeshwa kuponya jino, nikaajiriwa kung'oa. Tangu asubuhi mpaka adhuhuri nang'oa. Na mengi katika meno hayo, nikishayatoa nikayatazama, najua kwamba lau yangeletwa mapema yangeliishi na mwenyewe miaka 20 mingine. Narudi nyumbani mkono waniuma, na moyo waniuma kuliko mkono. Je, hilo nalo nilikinai?"

Twaliandika jambo hili hapa kwa sababu si la kijana huyu peke yake. Waalimu wanalo, wauguzi wanalo, na makarani wanalo. Lakini katika kazi ya meno laonekana wazi zaidi kuliko katika kazi nyingine, kama tutakavyoeleza. Kwa hivyo yafaa tulifuate humo.

Katika darsa yetu rai ziligawanyika. Wako waliosema kwamba kuridhika ni fadhila, na mwenye kazi ya heshima hana haki ya kulalamika. Kwani mchukuzi wa Kilindini nani amemwuliza kama kazi yake yamridhisha? Na wako waliosema kwamba kazi si ndoa, na hata ndoa ina talaka. Kijana asipopata raha pahala pamoja na aende pahala pengine, ardhi ni pana. Rai hizi mbili zaonekana kama zapingana, lakini sisi twaona zimekosea pahala pamoja. Zote mbili zimefanya kuridhika kuwa kitu kimoja, hali ni vitu viwili.

Kinaa ni juu ya kile kinachomjia mtu: mshahara wake, nyumba yake, cheo chake, fungu alilopewa katika dunia. Lakini alilolisema kijana ni juu ya kile kinachomtoka mtu: kazi ya mkono wake, na athari yake kwa watu wengine. Mtu akikinai kwa kidogo kinachomjia, hiyo ni sifa, na wazee wamesema kweli. Amma akikinai kwa ubovu unaomtoka, hatuwezi kuiita kinaa. Hiyo ni ganzi. Na ganzi tabibu humpa mgonjwa, hajipi mwenyewe. Kwa hivyo tulipomwambia kijana "ridhika", bila ya kujua tulikuwa twamwamrisha aache kuona uchungu mahala ambapo uchungu ndio uzima. Hata mchukuzi wa Kilindini, ambaye ametajwa kana kwamba hana moyo, ajua mzigo uliopangwa vizuri na mzigo uliotupwa, na hapendi kuusimamia ule uliotupwa.

Sasa tuitazame kazi yenyewe. Hakuna mtu aendaye kwa tabibu wa meno kwa furaha. Kwa mshoni watu huenda kwa ajili ya Idi, na kwa sonara kwa ajili ya harusi. Kwa tabibu wa meno huenda mtu aliyekesha, ambaye ameshajaribu maji ya chumvi na ameshatia karafuu. (Na hiyo karafuu tusiicheke. Mafuta yake matabibu wayatumia mpaka leo katika dawa ya kuzibia meno, wala bibi zetu hawakukosea kuiweka juu ya jino linalouma. Walikosea walipodhani kwamba maumivu yakitulia na ugonjwa umekwisha.) Mtu huyo huketi ameshika mikono ya kiti kama nahodha aliyeshika usukani katika tufani. Tabibu huinama juu yake, na huinama vivyo hivyo siku nzima, mpaka maumivu ya shingo na mgongo yamekuwa ndiyo maradhi ya kazi hiyo katika kila nchi walikochunguzwa. Pahala pake pa kazi ni padogo kuliko kikombe, pana giza, pana mate, na pana ulimi usiotaka kutulia. Na akimaliza, mgonjwa ana tamaa moja tu, nayo ni kutoka. Basi mwenye kutafuta kuridhika kwake katika shukrani za watu, na achague kazi nyingine.

Tena liko jambo la pili, nalo ni zito zaidi: mgonjwa hawezi kuipima kazi aliyofanyiwa. Tabibu anapoziba jino yampasa auondoe ubovu wote, apakaushe pahala pale pasiingie mate, kisha ndipo azibe. Akifanya haraka akaacha ubovu chini, jino siku ile litaonekana jema, jeupe, laini kwa ulimi, na mgonjwa atalipa na kushukuru. Mwaka wa pili au wa tatu litaanza kuuma, na mwenyewe atasema ni halua aliyoila katika harusi. Kazi hii yafanana na ya fundi anayekalafati jahazi: pwani jahazi zote ni moja, na bahari ndiyo inayojua ni lipi lililokalafatiwa na mtu mwenye dhamiri. Lakini fundi wa jahazi huenda akasikia khabari ya jahazi lililozama, na tabibu wa meno huenda asisikie kabisa. Ajuaye ni yeye na Mola wake.

Abu al-Qasim al-Zahrawi, tabibu mkubwa wa Andalusia aliyekufa karibu ya mwaka 1013, aliyajua haya vizuri. Katika sehemu ya 30 ya kitabu chake al-Tasrif, ambayo ndiyo sehemu ya upasuaji, alieleza namna ya kuondoa ukoga katika meno, akachora na picha za vyombo vya kukwangulia, zaidi ya kumi, kila kimoja kwa upande wake wa jino. Kisha akaagiza kwamba ukoga usipokwisha siku ya kwanza, mgonjwa arudi siku ya pili na ya tatu mpaka uishe. Alikuwa mkali khasa juu ya vinyozi waliokuwa waking'oa meno ovyo. Alieleza kwamba maumivu humdanganya mgonjwa, akaonyesha jino zima akiacha lenye ugonjwa. Kinyozi mjinga huling'oa hilo zima, na maumivu hubaki pale pale. Kwa hivyo aliwataka matabibu wafanye kila hila ya kuliponya jino kabla ya kuamua kulitoa. Na meno yaliyolegea aliyafunga kwa uzi wa dhahabu, kwani, alisema, uzi wa fedha hugeuka rangi na kuharibika katika siku chache. Tazama sana neno hili la uzi. Mgonjwa angelitoka na uzi wa fedha akafurahi, na ungelikuwa rahisi zaidi. Huyu alikuwa akiifikiri siku ambayo mgonjwa hayupo tena mbele yake.

Huko ndiko tunakodhani kuridhika kwa tabibu kunakokaa. Hakukai katika sifa. Twapata mfano wa jambo hili katika khabari ya watu wawili wa Marekani ambao dunia nzima ina deni kwao, nao walikufa bila ya raha.

Horace Wells alikuwa tabibu wa meno katika mji wa Hartford. Mwezi wa Disemba 1844 alikwenda kutazama tamasha la hewa iliyokuwa ikivutwa na watu wakacheka, akaona mtu mmoja amejiumiza mguu asihisi kitu. Siku ya pili yake Wells aliivuta hewa ile yeye mwenyewe, akang'olewa jino, asione maumivu. Mwezi uliofuata alikwenda Boston kuwaonyesha madaktari, lakini mgonjwa alipiga kelele, na waliokuwapo wakamcheka Wells na kumwita mwongo. William Morton, ambaye alikuwa mwanafunzi wake kisha mshirika wake, naye pia tabibu wa meno, alifaulu katika mji ule ule tarehe 16 Oktoba 1846 kwa kutumia etha. Tangu siku hiyo mgonjwa hakulazimika tena kufungwa kwa kamba ili apasuliwe. Lakini watu hawa wawili walipata nini? Morton alitaka hati ya kumiliki uvumbuzi huo, akatumia umri wake uliobaki kuidai serikali malipo, akafa mwaka 1868 hakulipwa. Wells alivunjika moyo, akili yake ikaharibika, akafa kifungoni mwaka 1848 kwa mkono wake mwenyewe. Chama cha matabibu wa meno wa Marekani kilikuja kumkubali kuwa ndiye aliyevumbua, mwaka 1864, naye alikuwa kaburini miaka 16. Hatusemi haya kwa kuwahukumu. Twasema tu kwamba mtu akiiweka raha yake mikononi mwa watu, watu huichelewesha.

Sasa tumtazame mwingine wa nchi hiyo hiyo, ambaye jina lake halijulikani sana. Frederick McKay alifungua chumba chake cha meno katika mji wa Colorado Springs mwaka 1901. Akawaona wenyeji wengi wa pale meno yao yana madoa ya kahawia, mengine meusi kama yaliyopakwa rangi. Hakuna aliyejua sababu. Wengine walisema ni chakula na wengine walisema ni maziwa. Haikuwa kazi aliyolipwa. Madoa yale hayamuumi mtu, na mwenye nayo haji kwa tabibu kuyalilia. Lakini McKay hakuweza kuliacha suali lile. Tangu mwaka 1909 alishirikiana na mwanachuoni mkubwa wa meno, G. V. Black, mpaka Black alipokufa mwaka 1915, wakagundua jambo la ajabu: meno yale yenye sura mbaya yalikuwa hayaozi kwa urahisi. Mwaka 1923 alikwenda katika kijiji cha Oakley, katika jimbo la Idaho, ambako watoto walianza kuwa na madoa baada ya kuletewa maji ya bomba kutoka chemchemi ya moto. Aliwashauri wazazi waliache bomba lile. Wakaliacha, na baada ya miaka michache watoto wadogo wakaota meno safi. Lakini kitu gani kilichokuwamo majini? Hata hilo hakulijua. Alilijua mwaka 1931, pale mkemia wa kampuni moja ya alumini, H. V. Churchill, alipoyapima maji na kukuta floraidi nyingi. Miaka 30 mtu alibeba suali moja! Na katika kazi hiyo ndimo ilimotoka ilimu ya kutia floraidi kidogo katika maji, jambo lililoanzwa katika mji wa Grand Rapids mwaka 1945, na katika dawa ya meno tunayoipiga mswakini kila asubuhi.

Khabari hii yatuhusu zaidi ya msomaji anavyodhani. Katika Bonde la Ufa la nchi yetu, Nakuru na Naivasha na kandokando yake, viko visima vingi vyenye floraidi ya kupita kiasi, na watu waliokulia huko wana madoa yale yale ya Colorado. Sisi wa pwani tumezoea kuwatazama ndugu zetu hao na kusema kwamba hawasafishi vinywa vyao. Ni uwongo na ni dhulma: mtu alipigwa na maji aliyokunywa akiwa mtoto, kabla ya meno yake kutoka katika ufizi, na hata akisugua mpaka damu itoke doa halitoki. Mwenye kucheka na aache.

Lakini twarudi kwa McKay. Wala hatumtaji kwa sababu alifaulu, kwani aliishi miaka mingi bila ya kufaulu na bado alikuwa mtu mwenye kazi yake. Twamtaja kwa sababu alikuwa huru kuifuata kazi mpaka mwisho wake. Chumba kilikuwa chake, saa zilikuwa zake. Alipoona jambo lataka kufanywa, hakuwapo wa kumwambia "hilo halimo katika hesabu". Na hapa ndipo tunapofika katika kiini cha malalamiko ya kijana wetu.

Nchini Uingereza, ambako tangu mwaka 1948 serikali imewalipia watu matibabu ya meno yote au baadhi yake, ulianzishwa mkataba mpya mwaka 2006. Kazi za tabibu ziligawanywa katika mafungu machache, na kila fungu likapewa idadi yake ya alama, naye tabibu akalazimika kutimiza alama zake kwa mwaka. Kuziba jino 1 na kuziba meno 6 kwa mgonjwa yule yule kukawa fungu moja, na alama zile zile. Hebu fikiri maana yake. Mtu mwenye kinywa kizima akija, tabibu apata faida; maskini mwenye kinywa kilichobomoka akija, ambaye ndiye mwenye haja, tabibu apata khasara kwa kila jino analolishughulikia. Mkataba haukumwambia mtu afanye kazi mbaya. Ulifanya kazi njema iwe mzigo kwa mwenye kuifanya, na hilo latosha. Matabibu wengi waliiacha kazi ya serikali wakaenda kutibu wenye fedha, na wengi waliobaki walisema kwamba kazi imewachosha moyo. Mwaka 2022 serikali ilirekebisha kidogo, ikatoa alama zaidi kwa mgonjwa mwenye meno 3 au zaidi ya kuzibwa; na kwa kurekebisha huko ilikiri kosa.

Hatutaki msomaji adhani kwamba twadharau ujira. Ni rahisi sana kwa mtu aliyeshiba kumsomea mwenziwe sifa za kinaa. Matabibu wa meno wa Kenya wamo pamoja na madaktari wengine katika chama chao cha wafanya kazi, wakagoma nao siku 100 tangu Disemba 2016 mpaka Machi 2017, wakagoma tena siku 56 mwaka 2024. Katika mgomo huu wa pili lililogombaniwa sana ni malipo ya vijana walio katika mwaka wa mazoezi: serikali ilitaka kuwapa shilingi 70,000 kwa mwezi, nao walidai kama 206,000 zilizomo katika mapatano ya mwaka 2017. Watu wengi katika baraza zetu waliwaita wenye tamaa. Sisi twaona mapatano ni mapatano, na mwenye kuweka saini hufungwa na saini yake, awe ni muuza samaki au awe ni serikali. Lakini twaona pia kwamba lau mishahara ingelilipwa yote, shilingi kwa shilingi, na kijana wetu akarudi katika chumba kile kile kisicho na dawa ya kuzibia, angeliendelea kung'oa, na moyo wake ungeliendelea kuuma. Ujira hulipa jasho. Haulipi jino lililotolewa bure.

Na sasa tuseme lile ambalo hatukulitarajia tulipoanza kuandika. Tulimwuliza kijana ni nani aliyemlazimisha kung'oa. Tulidhani atasema ni serikali, na kweli aliitaja: dawa huisha, mashine huharibika, foleni ni ndefu. Lakini alisema, "Walio wengi, ami zangu, ni nyinyi." Akatusimulia. Mtu huumwa na jino mwezi wa Rajabu, akatia karafuu. Likamrudia Shaabani, akanunua vidonge dukani. Katika Ramadhani hawezi kulala wala kula daku. Baada ya Idi shavu limevimba, ndipo ajapo. Mzizi umeoza, usaha umeingia taya. Akiambiwa kwamba yawezekana kuusafisha mzizi na kulibakisha jino, lakini yataka arudi mara mbili au tatu, na yataka fedha zaidi, hujibu, "La, daktari, ling'oe nipumzike." Na bado huyu yu afadhali. Yuko anayekuja na jino bovu kidogo tu, la kuzibwa kwa nusu saa, naye pia ataka ling'olewe, kwa sababu babake aling'olewa na babu yake aling'olewa.

Hebu na tujitazame. Twakunywa kahawa chungu, na hilo halina neno, lakini kando ya kila kikombe pana kashata au halua. Tambuu twaitafuna mchana kutwa, na popoo imethibitishwa kuleta saratani ya kinywa. Mtoto akilia twampa peremende, na akinyamaza twampa soda kwa kuwa amenyamaza. Uchunguzi wa afya ya kinywa wa nchi nzima uliotolewa mwaka 2015 ulikuta kwamba karibu nusu ya watoto wa miaka 5 wameoza meno. Na mswaki je? Mti wenyewe waota katika pwani yetu, na jina lake tumewapa hata wale wanaotumia brashi ya plastiki. Lakini wako miongoni mwetu wanaoutia katika mfuko wa kanzu ukakaa humo kama kalamu ya mtu asiyejua kuandika. Hutolewa kabla ya sala, ukapitishwa juu ya meno mawili ya mbele, ukarudi mfukoni, na magego yamejaa ukoga. Sunna haikuwa mfukoni.

Basi twamchukua kijana wa watu, twamsomesha kwa minazi ya baba yake ujuzi ambao mpaka mwaka 1974, Chuo Kikuu cha Nairobi kilipoanza kuufundisha, haukuweza kusomwa nchini mwetu, kisha twamletea meno yaliyokufa na kumwamrisha ayazike. Akichoka twamwambia hana kinaa. Ujuzi wake mwingi haupati pa kutumika, nao ni kama chombo kilichopandishwa pwani: hakikuvunjika, lakini jua lampasua mbao zake moja moja. Sisi hatukuwa tumeliona hivi kabla ya usiku ule, na twakiri.

Hatukumwambia akae wala hatukumwambia aondoke. Mmoja wetu alimwuliza swali moja tu: katika miaka hii minne, ni siku gani aliyorudi nyumbani na furaha? Alifikiri kitambo. Alisema ni siku alipoletwa mtoto wa kike wa miaka 7 ambaye mama yake alitaka ang'olewe gego la nyuma, kwa kuwa ni jino la utotoni na lingine litaota. Mama hakujua, na wazazi wengi hawajui, kwamba gego lile hutoka mtoto anapofika kama miaka 6, nyuma ya meno yote ya utotoni, bila ya jino lolote kung'oka kulipisha. Kwa hivyo hudhaniwa kuwa ni la utotoni, nalo ni la maisha, na likitolewa halirudi. Alikaa na mama yule akamweleza, na foleni nje ikawa yanung'unika. Kisha akaliziba. "Nilichukua muda wa wagonjwa watatu," alisema, "na muuguzi alinikasirikia." Akacheka, na ilikuwa mara ya kwanza kumwona akicheka usiku ule.

Tukamwuliza kama aweza kuja madrasani kwetu asubuhi moja katika juma avitazame vinywa vya watoto, bila ya koleo. Alisema atajaribu mpaka mwisho wa mwaka, na biashara ya simu haitakimbia. Mzee wake hakufurahi sana, kwa kuwa asubuhi hiyo haina malipo. Lakini ametoa benchi.

Amekwisha kuja Jumamosi mbili. Watoto aliowakuta na gego la miaka 6 limeanza shimo dogo jeusi amewaandikia wazazi wao barua, na baadhi yao wameshakwenda kuzibwa. Wengine bado twawasubiri. Jumamosi ijayo atakuwapo tangu saa mbili na nusu mpaka saa tano. Wazazi walete watoto wa miaka 5 mpaka 10, wakiwa wamepiga mswaki, mbele na nyuma, na wasiwape peremende njiani.